Kansa ya unyayo wa Mama imefika mapafuni na kwenye ini: tuuze parsele?

Ndugu wa safu ya afya, jambo sana.

Ninaandika kutoka Katuba, Lubumbashi. Mama yetu ana miaka 58. Miaka miwili iliyopita alitokwa na doa jeusi kwenye kisigino cha kushoto, tukadhani alikanyaga msumari shambani. Munganga mmoja wa mtaani alilikata kwa wembe akaweka dawa ya unga. Likafunga juu juu, kisha likarudi likiwa kidonda kinachotoa maji na damu. Mwaka huu daktari mpasuaji alikitoa na kupeleka kipande labo. Karatasi ilirudi imeandikwa melanoma ya akrali, unene milimita 6, yenye kuchubuka. Sasa ana uvimbe kama yai kwenye kinena, na skana imeonyesha madoa kwenye mapafu yote mawili, na mengine matatu kwenye ini. Kidonda kisiginoni kimerudi. Kinanuka, na usiku halali kwa maumivu. Ana kilo 54, bukari anakula nusu ya alivyozoea, lakini bado anatembea, anaoga mwenyewe, na mchana kutwa anakaa barazani na wajukuu.

Familia imegawanyika. Binamu yetu aliye Ubelgiji anasema kuna dawa ya imunoterapi (ya kuamsha kinga ya mwili) inayoponya, na kwamba tuuze parsele, kiwanja cha marehemu Baba, tumpeleke Mama Lusaka. Yaya anataka kemoterapi kwa sababu bei yake ni ndogo. Daktari mwingine alitaja kukata mguu chini ya goti. Baba mdogo anasema kansa ya ngozi ni ya Wazungu na maalbino, kwa hiyo hii ni kazi ya watu. Jirani analeta majani ya mustafeli kila asubuhi. Mama mwenyewe hajaambiwa neno kansa. Tufanye nini, na tuanzie wapi?

Binti wa Katuba

*

Dada yetu, pole sana, wewe na nyumba yote.

Tuanze na parsele, kwa sababu ndiyo yenye haraka: msiiuze wiki hii. Hatusemi msiiuze kamwe. Kuna mambo matatu ya kujua kwanza, na yote kwa pamoja yanagharimu kidogo kuliko dozi moja ya dawa ambayo binamu yenu anaitaja. La kwanza, kama madoa ya mapafuni na kwenye ini ni melanoma kweli. La pili, kama uvimbe una kasoro ya jeni inayotibika kwa vidonge. La tatu, kama feza ya parsele inafika dozi nne pamoja na gharama ya madhara yake. Feza inayotosha dozi moja haimtibu Mama; inamaliza parsele, naye anabaki na kidonda kilekile. Maumivu na harufu havisubiri hata moja kati ya hayo matatu. Hivyo vinatibiwa leo, hapo hapo Lubumbashi, kwa dawa za bei ndogo, na tutaeleza namna.

Baba mdogo aelezwe kwa heshima, maana yuko sahihi kwa nusu. Kansa za ngozi zinazoletwa na jua huwapata zaidi Wazungu na maalbino. Ila melanoma ya akrali haitokani na jua. Inaota kwenye unyayo, kiganja, au chini ya ukucha, na kwa watu weusi huko ndiko melanoma inakotokea zaidi. Bob Marley alianza nayo kwenye kidole cha mguu, ikajulikana mwaka 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36, baada ya kuenea hadi kwenye ubongo. Duniani kote ni ugonjwa wa nadra, na unachelewa kutambuliwa kwa sababu hizi hizi zilizomchelewesha Mama: unafanana na jeraha la msumari, na sugu, na kidonda cha sukari. Wembe wa yule munganga ulipoteza muda na uliharibu ushahidi, lakini si wembe ulioleta ugonjwa. Msilaumiane kwa hilo. Hauambukizi pia, wajukuu waendelee kukaa naye.

Unene wa milimita 6 na kule kuchubuka viliashiria tangu mwanzo kwamba mbegu za ugonjwa huenda zimeshasafiri. Kinena ni kituo cha kwanza cha mguu. Mapafu na ini ni mbali zaidi, na hapo madaktari wanaita hatua ya nne. Katika hatua hiyo kisu hakiondoi ugonjwa, kwa sababu haupo tena mahali pamoja. Ndiyo maana kukata mguu chini ya goti hakutamwongezea Mama maisha. Mguu unakatwa kwa sababu moja tu: kidonda kinachotoka damu isiyozuilika, au kilichooza hadi mfupani na dawa zimeshindwa. Mama anatembea. Mwachieni mguu wake.

Sasa yale mambo matatu.

Katanga kifua kikuu ni cha kawaida, na madoa ya mapafuni si lazima yote yawe kansa. Kabla ya lolote, Mama apimwe makohozi kwa mashine ya GeneXpert, hata kama hakohoi sana. Jambo hili lina uzito mara mbili, kwa sababu imunoterapi inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Ombeni pia uvimbe wa kinena uchomwe kwa sindano kutoa kipande. Uko karibu na ngozi, unapatikana kwa urahisi kuliko ini, na ukithibitika kuwa melanoma picha yote inakuwa wazi. Kipande kitiwe kwenye formoli ya asilimia 10, maji yake yawe angalau mara kumi ya ukubwa wa kipande, kikae humo siku moja hadi mbili, kisha kiende labo. Vipande vingi vya kwetu vinaharibika hapo: kinawekwa kwenye alkoli au serumu (maji ya dripu) kwa sababu formoli imekwisha, au kinasahaulika kwenye formoli wiki tatu, na jeni hazisomeki tena.

La jeni linahitaji bloku ya nta, kile kipande kidogo ambamo labo ilihifadhi nyama ya kisigino.  Nendeni labo iliyotoa jibu, mkaiombe pamoja na vioo vyake na nakala ya ripoti, msaini mmeichukua. Ifungeni kwenye karatasi na kuiweka mahali penye ubaridi. Ndani ya gari lililoegeshwa juani nta inayeyuka. Labo kubwa itathibitisha jina la ugonjwa kwa rangi maalumu (S100, SOX10, Melan-A, HMB-45), kisha itafute jeni tatu: BRAF, KIT na NRAS. KIT ndiyo tunayoitilia mkazo kwenu. Katika melanoma ya unyayo, kati ya watu 10 na 15 katika kila 100 wanayo kasoro hiyo, na hao wanaweza kutumia imatinib, kidonge cha mg 400 mara moja kwa siku, pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji. Dawa hiyo ni ya zamani, inatengenezwa na viwanda vingi, na bei yake haikaribii ya imunoterapi. Uvimbe unapungua kwa karibu robo ya wenye kasoro hiyo, zaidi ikiwa kasoro iko kwenye sehemu ya 11 au 13 ya jeni. Asiye na kasoro hiyo imatinib haimsaidii kitu, kwa hiyo msinunue kwa kubahatisha. Ikiwa ni BRAF yenye kasoro ya V600, kuna vidonge viwili vinavyokwenda pamoja, dabrafenib na trametinib. Hivyo vinafanya kazi haraka na kwa wagonjwa wengi, lakini bei yake ni kubwa, na mara nyingi ugonjwa unavizoea baada ya miezi.

Wakati bloku iko safarini, fanyeni vipimo vya damu: damu nzima, ini, figo, LDH, sukari, TSH ya tezi la shingo, HIV, hepatiti B na C. LDH ikiwa juu sana, ugonjwa ni mzito na matumaini yanapungua. HIV yenyewe haimzuii mtu kupata imunoterapi kama anakunywa dawa vizuri. Hepatiti B inatakiwa kuzimwa kwanza. Ongezeni skana ya kichwa yenye dawa ya kung'arisha. Melanoma inapenda ubongo, na ni vibaya kulijua hilo baada ya feza kutoka.

Tufike kwenye imunoterapi yenyewe. Binamu yenu hasemi uongo. Kabla ya mwaka 2011 mtu mwenye melanoma iliyoenea aliishi kwa kawaida chini ya mwaka mmoja. Kisha zikaja ipilimumab mwaka 2011, na pembrolizumab na nivolumab mwaka 2014, dawa zinazoondoa breki ambayo kansa inawafungia askari wa mwili. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2018. Katika utafiti mkubwa uliofuata wagonjwa miaka kumi, watu 43 katika kila 100 waliopewa nivolumab na ipilimumab pamoja walikuwa bado hai, na 37 katika kila 100 waliopewa nivolumab peke yake.

Lakini wengi wa hao walikuwa na melanoma ya jua. Ile ya unyayo ina makosa machache ya jeni, kwa hiyo askari wa mwili wanapata alama chache za kuitambua. Kwa aina ya Mama, pembrolizumab au nivolumab peke yake inapunguza uvimbe kwa mtu mmoja kati ya sita hadi mmoja kati ya watatu, ikitegemea utafiti ulifanyika wapi. Waliopata nafuu, baadhi yao inadumu miaka. Wengine wote hawafaidiki. Hiyo ndiyo hesabu ambayo parsele inapimwa nayo, na binamu anatakiwa kuisikia kama ilivyo.

Kuziweka zote mbili pamoja kunaongeza nafasi kidogo, lakini zaidi ya nusu ya wagonjwa wanapata madhara makali. Kwa mtu anayeishi mbali na daktari wa kansa, sisi hatushauri mchanganyiko huo. Bora pembrolizumab peke yake, au nivolumab peke yake.

Dozi ya siku hizi ya pembrolizumab ni mg 200 kila wiki tatu, yaani chupa mbili za mg 100. Nchini Marekani dozi hiyo ina bei ya zaidi ya dola 11,000. Kuna njia ambayo familia nyingi hazielezwi. Dawa hii ilipoidhinishwa kwa melanoma mwaka 2014, dozi ilikuwa mg 2 kwa kila kilo. Kwa kilo 54 za Mama hiyo ni mg 108, na daktari anaruhusiwa kukadiria hadi chupa nzima iliyo karibu ikiwa tofauti haizidi asilimia 10. Chupa moja basi, kila wiki tatu. Hiyo si kupunjwa dawa; ni dozi iliyothibitishwa. Mwulizeni daktari wa kansa kwa maneno hayo hayo: anaweza kuitoa kwa uzito?

Jaribio la haki ni dozi nne, siku ya kwanza, wiki ya 3, ya 6 na ya 9, kisha skana wiki ya 12. Kwa hiyo ombeni profoma (karatasi ya bei kabla ya kununua) ya maandishi ya chupa nne, sio moja. Ongezeni skana ya wiki ya 12, damu kabla ya kila dozi, nauli na malazi ya watu wawili mara nne, pasipoti na karte ya chanjo ya homa ya manjano, na akiba ya kulazwa hospitali wiki moja hadi mbili. Hiyo akiba ndiyo inayosahaulika. Jumla ikizidi thamani ya parsele, msianze. Ikifika, na Mama bado anashinda mchana amekaa au anatembea kama sasa, hapo mnayo haki ya kujaribu. Mtu anayelala zaidi ya nusu ya mchana mara chache sana anainuliwa na dawa hii, na tungewaambia muiache parsele.

Shirika la Afya Duniani liliingiza nivolumab, na pembrolizumab kama mbadala wake, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, tena kwa ajili ya melanoma iliyoenea. Hilo halishushi bei dukani, lakini linampa daktari msingi wa kuandika barua ya kuomba msaada au punguzo kwa mtengenezaji. Barua kama hiyo inaandikwa na daktari, sio familia. Mwombeni aiandike siku ya kwanza.

Lusaka kuna Cancer Diseases Hospital, karibu na hospitali kuu ya chuo kikuu. Kupita Kasumbalesa, barabara inazidi kilomita 400 baada ya mpaka. Kabla ya Mama kukaa kwenye basi, tumeni kwanza ripoti, picha za skana na majibu ya damu, mwulize kama wanayo dawa hiyo, na kama mashine ya radioterapi inafanya kazi mwezi huo. Dar es Salaam kuna Ocean Road, ila ni mbali zaidi. Tunashauri dawa itiwe huko huko dozi inapotolewa, msiilete Lubumbashi kwenye kisanduku. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikigusa barafu na kuganda imekufa, umeme ukikatika usiku kucha friji haiaminiki, na ikishachanganywa kwenye serumu haivuki saa 6 nje ya friji. Chupa inayouzwa kwa njia ya WhatsApp na mtu asiye famasia ya hospitali, msiiguse hata kwa nusu bei: hakuna anayeweza kuitofautisha na maji kwa macho.

Hapa tunaomba msome polepole, nyote mnaomlea. Dawa hii ikimdhuru mtu, haimdhuru kama kemoterapi. Nywele hazitoki, na kutapika ni kwa nadra. Askari wa mwili walioachiliwa wanaweza kushambulia utumbo, mapafu, ini, tezi, hata moyo, wiki chache baada ya dozi au miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Na kwetu kila dalili ina jina lake tayari: homa ni malaria au tifo, kuharisha ni amibi, kukohoa ni baridi. Mama akianza kuharisha wiki ya 7, mtaani atapewa Flagyl siku saba. Kuharisha hakutakoma, utumbo utaendelea kuungua, na unaweza kutoboka. Watu wanakufa hivyo, huku kansa yenyewe ilikuwa imeanza kupungua.

Kwa hiyo hesabuni choo. Akienda choo mara nne hadi sita zaidi ya desturi yake ya siku, au kikiwa na damu, dozi inayofuata inasimama na kortizoni inaanza: prednisoloni mg 1 kwa kila kilo, kwa Mama vidonge 11 vya mg 5 kila asubuhi, kwa amri ya daktari. Akienda mara saba au zaidi juu ya desturi, hiyo ni ya kulazwa, serumu, na dozi hadi mg 2 kwa kilo. Choo kipimwe pia, kutafuta amibi na minyoo, lakini kortizoni isingoje jibu la wiki nzima. Mnyoo uitwao strongiloidi unatisha mtu akiwa kwenye kortizoni, kwa hiyo ni bora choo kipimwe na minyoo itibiwe kabla ya dozi ya kwanza ya imunoterapi. Kortizoni inashushwa kidogo kidogo kwa wiki 4 hadi 6. Anayeiacha siku ya tano kwa sababu tumbo limetulia, ugonjwa unarudi ukiwa mkali kuliko mwanzo.

Homa ipimwe malaria, ndiyo, na ikiwepo itibiwe. Ila pumzi fupi au kikohozi kikavu kipya ni skana ya kifua siku hiyo hiyo. Macho ya manjano ni kupima damu ya ini. Uchovu wa ghafla na baridi ya mwili ni kupima TSH. Tezi ikilala anapewa levothyroxine na imunoterapi inaendelea. Kiu na mkojo mwingi ni sukari, pimeni saa ile ile. Kizunguzungu na kuzimia pamoja na presha ya chini: daktari afikirie tezi za juu ya figo, atoe hydrocortisone mg 100 kwenye mshipa bila kungoja majibu. Andikeni karatasi kwa Kifaransa, Mama aitembeze kwenye mkoba: jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, namba ya simu ya daktari wa Lusaka, na kwamba dalili yoyote mpya inaweza kutokana na dawa. Daktari wa zamu usiku hana namna nyingine ya kujua.

Wiki ya 12, uvimbe ukipungua au ukisimama, mnaendelea. Ukikua kidogo huku Mama anajisikia vizuri, skana inarudiwa baada ya wiki 4 hadi 8, maana mara chache uvimbe unavimba kwanza ndipo unapungua. Ukikua na yeye anadhoofika, mnasimama hapo. Dozi ya tano haitabadilisha.

Yaya anataka kemoterapi. Dacarbazine imetumika tangu miaka ya 1970, mg 1,000 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kila wiki tatu. Kwa Mama ni kama mg 1,500. Uvimbe unapungua kwa mtu mmoja hivi kati ya kumi, kwa miezi michache, na haijaonyesha kurefusha maisha. Inatapisha sana, na damu inashuka. Ikibidi itumike, kwa mfano uvimbe unabana mahali na hakuna njia nyingine, itolewe pamoja na dawa kali ya kuzuia kutapika, na serumu yake ifunikwe isipigwe na mwanga. Ikigeuka rangi ya waridi imeharibika, isitiwe. Kwa Mama, hatuoni faida inayolingana na mateso yake. Majani ya mustafeli hayatibu melanoma. Kikombe kimoja cha mapenzi ya jirani hakina neno, ila siku ya kuanza vidonge au imunoterapi yaachwe, ili ini likikasirika ijulikane nini kimelikasirisha.

Sasa kisigino, ambacho kinamtesa leo. Chemsheni maji nusu lita, tieni kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kiwe sawasawa na ukingo, muache yapoe. Mwageni juu ya kidonda taratibu, msisugue. Pondeni vidonge viwili vya metronidazole vya mg 250 hadi viwe unga laini, nyunyizeni kidondani mara moja kwa siku: harufu inaletwa na vijidudu visivyopenda hewa, na dawa hiyo inaviua hapo hapo. Kwa kawaida ndani ya siku chache chumba kinabadilika. Juu yake wekeni kompresi iliyopakwa vazelini, ndipo kompresi kavu. Kompresi kavu ikigusa nyama moja kwa moja inaganda, na kuibandua ndiko kunakoanzisha damu. Ikiganda, ilowesheni kwa maji ya chumvi dakika kumi. Damu ikitoka, kandamizeni dakika 15 bila kuchungulia, kwa kompresi iliyoloweshwa ampuli ya asidi traneksamiki. Ikiendelea, ni hospitali. Na kama mtafika Lusaka na mashine inafanya kazi, mwulizieni radioterapi fupi ya kisigino. Hata mara moja tu inaweza kupunguza damu na maumivu.

Mpeni dawa ya maumivu dakika 30 kabla ya kuosha. Na mpeni kwa saa, sio akilia. Paracetamol mg 1,000 mara tatu kwa siku, isizidi hapo kwa sababu ya ini. Tramadol mg 50 mara nne ni daraja la siku chache. Kwa maumivu yanayomnyima usingizi dawa yake ni morfini ya kunywa: mg 5 kila saa nne, na mg 10 wakati wa kulala ili asiamshwe usiku. Maumivu yakipenya katikati, anapewa mg 5 nyingine, mnaandika saa. Daktari anajumlisha zote za siku mbili na kurekebisha dozi. Ulizeni famasia ya hospitali kubwa, dawa ikiwa haipo, daktari aandike ombi la maandishi, maana dawa isiyoombwa haiagizwi. Pamoja na morfini, tangu siku ya kwanza, bisacodyl mg 5 hadi 10 kila usiku. Morfini inafunga choo kwa karibu kila mtu, na wengi wanaikataa kwa sababu hiyo tu. Kichefuchefu cha siku za kwanza kinapita, metoclopramide mg 10 inasaidia. Morfini haimaanishi amefika mwisho, na ni nadra anayetumia kwa maumivu ya kansa kugeuka mlevi. Kumwacha Mama akeshe usiku kwa kuiogopa, hilo hatulikubali.

Mguu wa kushoto ukivimba ghafla na kuuma kwenye shavu la mguu, pimeni mshipa kwa ekografi siku hiyo, inaweza kuwa damu iliyoganda. Kichwa kikiuma asubuhi pamoja na kutapika, au akipata kifafa, ni hospitali mara moja, kwa ajili ya dexamethasone na skana ya kichwa.

Wewe na ndugu zako, mnapooga, angalieni nyayo, viganja na kucha. Doa jeusi jipya linalopanuka kupita milimita 7, au mstari mweusi wa ukucha unaomwagikia ngozi ya pembeni, upelekeni kwa daktari likiwa bado doa.

Limebaki la Mama kutoambiwa. Mwambieni, na mwambieni kabla ya profoma kurudi. Mchague mmoja anayemwamini kuliko wote, labda wewe, mkae asubuhi akiwa amekunywa dawa ya maumivu. Muulize kwanza yeye anadhani ana nini; wengi wanajua tayari na wanawaficha watoto wao. Mwambie ni kansa, imetoka kwenye mguu ikafika kifuani na kwenye ini, kuna dawa inayoweza kumsaidia na inayoweza kushindwa, na maumivu yatashughulikiwa vyovyote itakavyokuwa. Kisha mwulize kuhusu parsele. Huenda jina lake liko kwenye karatasi za nyumba, huenda anataka iwabakie wajukuu, huenda anataka kujaribu. Huko Lusaka daktari atataka kusikia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anakubali dawa, na nani atajibu simu usiku wa manane akianza kuharisha.